Kwa Ildefons Kagaruki, Ambaye Hakukosea

Jumamosi hii, tarehe 15 Julai 1944, mwaka unatimia tangu ulipotutoka, Ildefons, na sisi bado hatujapoa. Watu wanatuambia mwaka ni dawa. Labda kwa wengine. Tunakuandikia kwa mapenzi yale yale, lakini pia kwa hasira, na atakayesoma haya akaona hayafai kwa kumbukumbu ya marehemu, aweke karatasi chini aende zake.

Tuanze na wewe, maana wewe ndiwe mwenye siku.

Ulikuwa mtoto wa pili wa Tata Protase, hapa Buganguzi, upande wa Muleba. Seminarini mapadri walikufundisha Kilatini ukakisahau, wakakufundisha hesabu ikakukaa mwilini. Ulinawa mikono kabla ya kufungua kitabu, hata kama kitabu chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono. Hukugusa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka Jumapili baada ya misa, na hata hapo kikombe kimoja kilikutosha uimbe vibaya. Mezani ulishika ndizi mkononi macho yakiwa mbali, mpaka Klaudia mkeo akuguse bega na kusema, "Rudi, waitu, chakula kinapoa." Ulirudi, ukacheka, ukamwomba radhi kana kwamba ulikuwa umesafiri kweli.

Ulipata kazi Bukoba mjini mwaka 1941, katika kampuni ndogo ya uhandisi, Haddow na Crewe. Huyo Crewe hakuna aliyewahi kumwona. Bwana Haddow ndiye aliyekuwapo. Mwanzoni kampuni ilipima barabara na madaraja, lakini vita vilipopamba moto jeshi likampa kazi ya mizinga. Si kuiunda, bali kuihesabia. Majedwali yanayomwambia mpiga mzinga aelekeze wapi yalikuwa yametengenezwa Ulaya, kwenye hewa ya huko. Jeshi likataka kujua kombora litakwendaje katika hewa ya kwetu.

Basi mkakaa chini ya bati la ofisi ile, wewe na Mustapha wa Bukoba mjini na wenzenu wawili, kwa penseli na mashine moja ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Mlilifuata kombora nusu sekunde baada ya nusu sekunde: hapa limepanda kiasi hiki, hapa hewa imelizuia kiasi hiki, sasa limechoka, sasa linashuka. Safari ya kombora ya sekunde ishirini na tano iliwachukua siku mbili nzima. Ulikuwa mkubwa wao katika chumba kile, ingawa hakuna karatasi iliyokuita hivyo.

Na Jumapili ulipokuja nyumbani ulikaa na dada yako Jovita mkichambua kahawa, ukamweleza. "Hewa ni kama uji," ulimwambia. "Kule pwani ni mzito. Ukipanda mlimani ni mwepesi, kama umeongezwa maji. Kitu ukikirusha kwenye uji mwepesi kitafika mbali zaidi." Jovita alikucheka, akauliza ni nani anayerusha mawe ndani ya uji. Lakini alielewa. Jovita huelewa haraka, ila hakupelekwa shule, na hilo nalo ni kosa letu wenyewe ambalo leo tunalikiri.

Sasa tuseme yaliyokupata, maana yamesemwa vibaya na watu wenye sauti kubwa kuliko yetu.

Jumatatu ya tarehe 12 Julai ulikuwa unapitia jedwali la mizinga ambayo jeshi lingeijaribu Alhamisi kwenye rweya, yale majani wazi juu ya kijiji chetu. Ukaona kitu. Mustapha alikuwa kwenye mashine, na haya tumeyapata kwake, neno kwa neno. Uliingia kwa Bwana Haddow ukiwa umesimama wima, karatasi mkononi.

"Bwana, safu ya hewa iliyotumika ni ya pwani. Muleba ni juu. Kombora litapita shabaha kwa yadi mia mbili na arobaini."

"Jedwali limekwisha kwenda jeshini," akajibu.

"Basi tuwapelekee simu leo."

"Kagaruki, kanuni ni yangu. Kazi yako ni kuzidisha na kujumlisha."

"Nimezidisha, Bwana. Ndiyo maana nimekuja."

Akakuambia ufunge mlango ukitoka. Jumanne ukaomba ruhusa ya siku mbili, ukanyimwa. Jumatano asubuhi ukaazima baiskeli ya Mustapha, ukashika njia ya Kemondo na milima yake yote, ukafika nyumbani jua likizama. Klaudia akakuambia, "Utafukuzwa kazi." Ukamjibu, "Nitafukuzwa," ukaomba maji ya kunawa, ukiamini askari watakusikia asubuhi kabla ya kombora lolote.

Alhamisi asubuhi askari walikuwa wamekwisha kupanga bendera nyekundu kwenye rweya. Mkuu wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kila aliye nyuma ya bendera yuko salama na aendelee na shughuli zake. Bendera hizo ziliwekwa yadi mia mbili kupita shabaha. Mia mbili, Ildefons, na wewe ulikuwa umeandika mia mbili na arobaini.

Ulimwendea kwanza sajini aliyekuwa kwenye kamba ya kuzuia watu. Hatumlaumu sana. Ulimwonyesha karatasi yako, naye akakuonyesha ya kwake. "Hii ina mhuri," akasema. "Yako ina mhuri?" Haikuwa na mhuri. Ilikuwa na ukweli tu, na ukweli haukuruhusiwa kupita kamba ile.

Nyuma ya bendera walikuwako wanawake saba wakikata nyasi za kutandika nyumbani. Jovita alikuwa mmoja wao. Alikuona ukija mbio ukizunguka kilima, koti la ofisini likipepea, akacheka kwanza, kwa kuwa tangu utoto hakuwahi kukuona ukikimbia. Kisha akakuona uso, na kicheko kikamkauka.

"Shukeni bondeni! Acheni mundu, acheni nyasi, shukeni!"

"Tumeambiwa nyuma ya bendera ni salama," Jovita akasema.

"Bendera zimewekwa kwa hesabu ya pwani. Jovita, uji mwepesi!"

Hakuuliza tena. Alimshika mmoja mkono, akamsukuma mwingine mgongoni, akawakemea kama mbuzi waliovamia shamba, nao wakakimbia. Kombora la kwanza likapita juu likipiga mluzi, likaanguka pale pale ambapo matita yao ya nyasi yalikuwa. Jovita anasema nyasi zilipanda juu polepole, kama ndege wengi.

Akahesabu wenzake bondeni. Walikuwa sita, naye akiwamo. Shangazi Benigna, mwenye nyonga mbovu, alikuwa bado juu. Wewe ulikuwa umekwisha kumwona na umekwisha kurudi. Ulimbeba mgongoni mpaka kwenye kichuguu, ukamlaza nyuma yake, ukamwambia, "Inamisha kichwa, shangazi." Hilo ndilo lilikuwa neno lako la mwisho. Wengine huacha wosia. Kombora la pili lilikukuta ukiwa bado hujainama wewe.

Tulikuzika Ijumaa, kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, karibu na mama yako. Shangazi alikataa kuingia ndani siku tatu.

Ikapita miezi miwili. Ikaja barua iliyopigwa taipu, kwa Kiingereza, na padri akatusomea kwa Kiswahili uani kwetu. Ilisema kwamba kampuni ya Haddow na Crewe, kwa kuthamini utumishi wa marehemu, imemsamehe kosa la hesabu lililoleta ajali, na imemsamehe pia kosa la kutoroka kazini kwa kulikimbia kosa hilo.

Wamekusamehe, Ildefons! Tata Protase alimwomba padri asome mara ya pili, akidhani masikio yake yamezeeka. Padri akasoma. Tata akainuka, akaingia kibanjani, na msimu ule hakuchuma kahawa hata punje moja. Iliiva, ikakauka, ikaanguka chini.

Jovita hakuinuka. Alikaa akiitazama ile barua mikononi mwa padri. Kesho yake akaomba nafasi juu ya lori la magunia ya kahawa, akashuka Bukoba akiwa amevaa gauni lake la kanisani, akaingia kwenye ofisi ambayo hakuwahi kuiona ila kwa maneno yako.

Bwana Haddow alimpa kiti. Jovita akabaki amesimama.

"Nasikitika sana kwa ndugu yako," akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Lakini hesabu ni hesabu."

"Ndiyo, Bwana. Hesabu ni hesabu. Nionyeshe ile aliyoikosea."

"Haiwezekani. Ni siri ya vita."

"Siri gani, Bwana, nami nilikuwa chini yake?"

Akamwambia hawezi kuelewa mambo haya. Jovita, mwanamke asiyejua kuandika jina lake, akamwuliza: "Hewa uliyoweka kwenye jedwali ni ya Muleba au ni ya pwani?" Anasema yule bwana aligeuza karatasi zilizokuwa mezani. Kisha akaamuru atolewe nje.

Mustapha alikuwapo chumba cha pili, mlango wazi, mkono kwenye mashine, kichwa chini. Jovita alipopita alimwambia, "Kaka Mustapha, umemsikia?" Akaendelea kuzungusha mashine. Hatukufichi: tulimkasirikia yeye kuliko mzungu. Mzungu tulimjua kwa maneno tu. Mustapha alikuwa amekula kwetu, amelala kwetu, na baiskeli iliyokuleta ilikuwa yake.

Wiki iliyofuata akaja Buganguzi kwa miguu kutoka Muleba. Tata Protase hakumkaribisha. Mustapha akakaa chini uani, si kwenye kiti, akasema: "Mzee, mimi ndiye niliyezungusha mashine siku ile. Wallahi ile mia mbili na arobaini niliiona kwa macho yangu ikitoka. Niliogopa. Nina mke na watoto wanne na kazi moja. Nimekuja kukwambia kwamba nitasema."

Na alisema. Alikwenda bomani Bukoba, akasimama mbele ya mabwana watatu, akaeleza kila kitu, akaomba penseli akarudia hesabu yako mbele yao kuanzia juu mpaka chini. Ilimchukua asubuhi nzima. Jovita na Klaudia walikaa nje kwenye ngazi wakisubiri. Wale mabwana walimshukuru, wakaandika. Siku tatu baadaye akafukuzwa kazi. Baada ya Pasaka likaja jibu la mistari miwili: shauri limefungwa, maneno ya kwanza yanabaki kama yalivyo. Kosa la karani.

Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye huzuni tu. Lakini mwezi wa tano jeshi lilipewa jedwali jipya la mizinga. Mmoja wa wenzenu wawili waliobaki kwenye chumba kile alimwonyesha Mustapha, naye akaja kutuambia. Safu ya hewa sasa ni ya nchi ya juu. Tofauti iliyoongezwa kwa Muleba ni yadi mia mbili na arobaini. Chini yake pana sahihi moja, na si yako. Kampuni imepewa barua ya pongezi kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo karani aliyekosea ndiye aliyewapa jibu. Wamelichukua jibu wakakuachia kosa.

Tumepeleka tangazo hili kwa mhariri wa gazeti. Amelirudisha, akisema kwa upole kwamba angeweza kuchapisha jina, tarehe na misa, basi. Tumekataa. Mustapha ameliandika kwa mkono, nakala thelathini, kwa mwandiko ule mzuri mliokuwa mkishindania ofisini, na linabandikwa Buganguzi, Muleba, Kemondo, Izimbya, na kwenye nguzo ya soko la Bukoba ambapo Bwana Haddow hupita kwenda kununua samaki.

Kwa wanaotushauri tunyamaze kwa kuwa vita bado: mwanetu naye alikuwa vitani. Alipigana na namba iliyokosewa, akiwa na penseli, na watu saba wako hai. Jeshi lina medali kwa mtu wa namna hiyo. Sisi hatuiombi medali. Tunaomba mstari mmoja ufutwe na mwingine uandikwe. Tumewaandikia tena mwezi huu, na tutawaandikia kila mwezi, na tukifa sisi wataandika watoto wetu. Jovita ameanza kujifunza kusoma na kuandika kwa Klaudia, jioni baada ya kazi. Barua ya mwezi wa nane ataiandika yeye.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi hapa Buganguzi, na baadaye kutakuwa na chakula nyumbani. Kila mtu anakaribishwa, wa dini yoyote. Bwana Haddow ametuma neno kwamba angependa kuhudhuria, kwa heshima ya marehemu. Asije.

Unakumbukwa na baba yako Tata Protase. Mkeo Klaudia na binti yenu, ambaye sasa anahesabu mpaka ishirini na kuruka kumi na tatu. Dada yako Jovita. Shangazi yako Benigna, ambaye bado anachechemea na bado anakusimulia. Rafiki yako Mustapha na nyumba yake yote. Na wale wanawake wengine watano wa rweya, ambao wametutaka tuandike kwamba wako hai.

Hukukosea, Ildefons. Siku zote tutakukumbuka, na siku zote tutalisema hilo kwa sauti.