Zile Karatasi za Kwa Vonza

Kilungu, Jumapili

Baba,

Leo mchana nimekuona tena. Nilikuwa nimetoka kanisani, usingizi ukanichukua kwenye kiti hata kabla sijavua viatu. Ukungu wa huku kwetu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nikaona watu wamepanga foleni kwenye kijia kinachopanda nyuma ya nyumba, katikati ya miparachichi, foleni isiyoonekana mwisho wake. Wewe ulikuwa ukipita pembeni, ukiwagusa mabega mmoja mmoja na kuhesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, vile ulivyozoea. Ulivaa lile koti lako la kaki. Njia yote ilikuwa matope lakini viatu vyako vilikuwa safi. Nami nikaingia kwenye foleni ili unifikie. Ulipokaribia, ukungu ukakufunika, nikaamka shingo ikiniuma.

Sijawahi kukuandikia tangu tukuzike. Barua kama hii hata sijui ingepelekwa wapi. Lakini Mama amenituma, na wewe unajua Mama akituma mtu hakuna kukataa. Alichonituma nitakuambia mwishoni, maana nikianza nacho nitalia, na hii karatasi haitasomeka. Vumilia kidogo. Wewe hukuwa mtu wa haraka hata ulipokuwa na sababu ya kuwa na haraka.

Nyumbani Matinyani hawajambo. Mvua ilikuja ikaenda, kunde zikapatikana, mahindi yakatudanganya. Mama aliikuta lakiri yako, vile vijiti vyekundu ulivyokuwa ukiyeyusha kufungia masanduku ya kura, akaona visikae bure. Sasa anafungia vibuyu vya mbegu ili wadudu wasiingie. Ukiingia ghalani unakuta vibuyu vimepangwa ukutani, kila kimoja na muhuri wake mwekundu, na ile harufu yako imejaa humo ndani. Mimi huingia kusimama tu. Mama hujifanya haoni. Na watoto wa jirani bado wanasema wanapitia "kwa Sanduku" wanapoenda kisimani, ingawa wengine hawajui tena kwamba Sanduku lilikuwa jina la utani la mtu.

Wewe na masanduku yako! Kitu cha kwanza ninachokukumbukia ni harufu hiyo ya lakiri, na Land Rover ya serikali imesimama uani, nami nimebebwa juu kuchungulia. Ulikuwa karani mdogo tu wakati huo, bendera ikiwa bado mpya. Ulikwenda na masanduku mpaka ng'ambo ya mito ya mchanga, ukarudi na vumbi kwenye nyusi, ukalala siku nzima. Kisha ukapanda cheo, ukapanda tena, mpaka ukawa msimamizi mkuu wa uchaguzi wilaya nzima, na bado kwenye baraza ulisimama mwenyewe mbele ya watu ukatoa somo lile lile. Alama moja. Mahali pamoja. Usiandike jina lako. Usiandike salamu. Usichore msalaba hata kama umeokoka. "Kura si barua," ulisema, na watu wakacheka, na mwaka mwingine ukasema tena, wakacheka tena. Nilikuwa nikiona aibu. Nilidhani baba za wengine wana mambo mengi ya kusema na wangu analo moja tu.

Halafu ukaja ule mwaka wa kupiga kura kwa mlolongo, hakuna karatasi, hakuna sanduku, mtu anasimama nyuma ya picha ya anayemtaka. Siku hiyo, kwenye kituo cha Kwa Vonza, nilikuwepo, nilikuwa nimekuja likizo, na bado naiona nikifumba macho. Uwanja mweupe, jua la kupasua kichwa, na mti mmoja tu wa mgunga. Wakala wa mheshimiwa alikuwa amefika asubuhi na mapema akajisimamisha pale mtini na picha yake. Wa mpinzani akapewa kule kwenye goli la mpira, ambako hata mbwa hakulala. Watu walipofika, basi, ni nani atakayesimama juani na kuna kivuli? Foleni ya mtini ikajaa, ikajizungusha kufuata kivuli kilivyosogea. Ya golini ilikuwa na vijana wachache wamejifunika mashati vichwani.

Ulishuka kwenye gari ukatazama kwa muda mrefu. Karani wako alishaanza kuhesabu. Kulikuwa na mama mmoja mzee, Syokau, aliyekuwa amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, ndani ya foleni. Alikuona unamtazama akakuambia bila kuulizwa, "Mimi hapa nimechagua mti, mwanangu. Hao wengine siwajui." Watu walicheka sana. Wewe hukucheka. Uliwashika wale mawakala wawili mikono kama watoto, mmoja huku mwingine huku, ukawasimamisha katikati ya uwanja penye jua. Ukapaza sauti, nami sijawahi kukusikia ukipaza sauti nyumbani: "Watu wote watoke kwa kivuli! Anayemtaka mtu wake amfuate kwa jua!"

Wakanung'unika. Mmoja alisema, "Huyu mzee atatuua." Lakini wakatoka. Foleni ya mtini ilivunjika, nusu yake na zaidi ikahamia upande wa pili. Syokau alijikokota na fimbo yake nyuma ya yule wa golini, kumbe siku zote alikuwa anamjua. Ulihesabu mwenyewe, ukigusa mabega, na ukatangaza ulivyohesabu.

Haukupita muda ukapumzishwa kazi kwa manufaa ya umma. Ulirudi Matinyani na sanduku moja la bati na hivyo vijiti vya lakiri. Jirani zetu wengine walisema umeringa, kwamba mtu mwenye akili angeacha watu wakae kivulini. Mama hakusema hivyo. Naomba ukumbuke hilo, Baba. Wakati huo Mama alikuwa upande wako kabisa, na aliyekusema vibaya kisimani alirudi nyumbani na mtungi nusu.

Vyama vingi viliporudi ndipo watu wa Kwa Vonza walipokuja kukuomba ugombee kiti. Ulikataa, wakarudi na wachungaji, ukakubali. Mimi nilicheka, maana mgombea gani anasimama jukwaani kuwafundisha watu jinsi ya kukunja karatasi? Hukuahidi barabara. Hukuahidi maji. Ulisema utakwenda kuuliza maji yako wapi. Na bado walikupenda, walikuimbia mpaka sauti zikakauka, na Mama akaanza kuazima sufuria za kanisa kwa ajili ya siku ya shangwe. Nilimwona akiimba huku anazisugua. Alikuwa amengoja kwa miaka mingi mumewe apewe kitu na watu, badala ya kuwatumikia tu na kurudi na vumbi.

Sasa nifike pale ukumbini. Nilikuwa wakala wako siku ya kuhesabu, nimekaa ubavuni mwako kwenye benchi, na mwanga ulikuwa unaingia kwa madirisha ya juu, vumbi likielea ndani yake taratibu. Ulikuwa unaongoza, kidogo tu. Ndipo lilipofunguliwa sanduku la Kwa Vonza. Kijana aliyekuwa anahesabu, uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe, akakunjua karatasi akaielekeza kwenye mwanga. Akakunjua nyingine. Alama ilikuwa kwako, imewekwa vizuri, na pembeni yake maandishi makubwa ya kalamu, herufi zimelala huku na huku: *Ni muvea, mzee.* Asante. Nyingine: *Ni muvea kwa siku ya jua.* Nyingine ina jina kamili na kijiji. Wale akina mama walikuwa wametoka kufunzwa kuandika kwenye ngumbaru, Baba. Walikuwa na mkono mpya, na wewe ndiye mtu wa kwanza waliyetaka kumwandikia.

Kijana alikutazama. Wakala wa mpinzani wako alikuwa ametoka kunywa chai. Hakuna aliyekuwa ameona ila sisi. "Mzee," akasema polepole, "si hizi ziko wazi tu? Si kila mtu anaona ni zako?" Nami nilikukanyaga mguu chini ya benchi. Nilikukanyaga kwa nguvu.

Ulisema, "Zimeharibika. Na huyo aliyeenda chai aitwe aje aone."

Halafu ukaomba kitu kimoja, kwamba kabla hazijawekwa upande wa zilizoharibika usimame uzisome. Ulisimama, mikono umeifunga nyuma ili usiziguse, na yule kijana akakuonyesha moja baada ya nyingine. Ulisoma zote midomo ikitikisika. Moja ilisema, *Ni muvea. Ni mimi Syokau wa mtini.* Hapo ulitoa kitambaa ukapangusa miwani, ukasema ukumbi una vumbi. Ukumbi kweli ulikuwa na vumbi.

Ukashindwa. Zile karatasi zingetosha kukupa kiti, na nyingine zingebaki. Kila aliyekuwa mle alijua.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshasikia. Sufuria zilikuwa zimegeuzwa uani, juu chini. Alikuambia neno moja tu, bila kupaza sauti: "Watu wamekuandikia barua, Baba Nduku, na wewe ukazitupa." Akaenda kulala. Tangu siku hiyo alikupikia, akakufulia, akakuombea kanisani kwa jina, akaongea nawe habari za ng'ombe na za wajukuu. Habari ya kura hakuigusa tena. Ukianza kuieleza alikuwa anainuka kutafuta kitu jikoni. Nilijua ilivyokuuma. Ulifanya mzaha nayo, ukaniambia, "Mama yako ndiye kura yangu moja ambayo haijahesabiwa." Ulikuwa unacheka, lakini ulisema hivyo kila nilipokuja. Ulisema hivyo hata hospitalini, Baba. Na ukaondoka haijahesabiwa.

Hili ndilo limenikaa kifuani miezi yote hii. Si kiti. Kiti kilishakaliwa na mtu mwingine na maji bado hayajaja.

Sasa sikiliza. Uchaguzi unakaribia tena. Wiki iliyopita nilikuwa Matinyani, tunachambua kunde pale uani, akaja kijana mmoja nadhifu, viatu vyeusi, na paketi za sukari na leso mpya amezikunja vizuri. Akamsalimia Mama kwa heshima zote, akakusifu sana, mpaka nikafikiri ni mtu aliyekufahamu. Kisha akasema, "Sasa Mama, ile kadi ya kura ya mzee, si yeye hataitumia tena? Si utupatie tu, itusaidie siku ile. Hakuna mtu atajua."

Mama aliweka ungo chini. Aliinuka polepole kwa ajili ya magoti, nikadhani anaenda kumchukulia ile kadi. Alirudi na mwiko wa ugali. Sijui nikueleze vipi. Yule kijana alikimbia akaacha kiatu kimoja, Mama nyuma yake mpaka njia panda, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anapiga kelele watu wote wa kijiji wanasikia: "Mzee wangu hakuiba kura akiwa hai! Unataka aibe akiwa amelala!" Sukari ilimwagika, kuku wakala. Leso ikarudishwa kwake pamoja na kile kiatu, kimefungwa ndani yake kwa fundo.

Kesho yake akavaa nguo ya kanisa, akaichukua kadi yako yeye mwenyewe, akaipeleka kwa karani ili jina lako litolewe. Nilimsindikiza. Karani alikata pembe ya kadi kwa makasi, na Mama akaangalia kile kipande kidogo kilivyoanguka mezani kama mtu anayeangalia maji yakipita. Hakulia. Tuliporudi, tulipofika pale pa mchanga penye mto mkavu, alisimama kupumzika. Akasema akiwa ananipa mgongo:

"Nduku, wewe ndiye unajua kuandika. Mwandikie baba yako. Mwambie zile karatasi zilikuwa zimeharibika."

Nikamuuliza, "Zipi, Mama?" ingawa nilijua.

"Zile za Kwa Vonza. Zilikuwa zimeharibika kweli. Mwambie nimesema hivyo mimi."

Basi, Baba. Ndiyo hiyo. Nimekufikishia ilivyosemwa, sijaongeza wala sijapunguza. Ihesabu sasa. Ilichelewa njiani, lakini imefika, na alama iko wazi.

Jambo langu mimi ni dogo. Wameniomba niwe msimamizi wa kituo hapa shuleni kwetu, nami nimekubali. Nakuahidi kwamba foleni nitaipanga penye jua au penye kivuli kwa wote sawasawa, na mtu akinikanyaga mguu nitauondoa. Nikikunjua karatasi nikute mtu ameandika salamu, hata kama ni jina lako limeandikwa humo kwa mapenzi yote, nitaisoma mpaka mwisho, na nitaiweka upande wa zilizoharibika.

Ukungu umeanza kupanda, naona miparachichi tena. Lala vizuri, Baba. Ukija tena na foleni yako usipite haraka, nitakuwa nimesimama palepale.

Mimi siku hiyo sitaandika kitu kwenye kura yangu. Kwa hiyo nakuandikia hapa, ambapo hakuna wa kunikataza:

Ni muvea, Baba. Ni mimi Nduku.