Neno "Karatsi" Lisiguswe

Karakana ya Uchapaji,
Chumba Na. 4, Ghorofa ya Chini.
14 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, lile jino limeshatoka? Sisi wazima. Mama bado analalamikia goti, ila ngazi za kwake, zote ishirini na mbili, anazipanda bila kushikwa mkono, na ukimshika anakutazama vibaya.

Asante kwa picha za ofisi yako mpya. Mama amezitembeza mtaa mzima. Mpaka fundi viatu anajua rangi ya kiti chako.

Sasa nina jambo, nalo nimekaa nalo siku ya tisa leo.

Mtaalamu wa maabara ya zahanati aliniita. Mashine yao ya kuchapa lebo za chupa za damu, iliyotengenezwa na kampuni yenu, ilikuwa imegoma tangu mfumo wa kompyuta ulipojisasisha. Alikuwa akiandika lebo kwa mkono, mia moja na arobaini kwa siku. Nikakuta mfumo wenyewe mzima, tena huria kama huu wa kwangu, yaani yeyote anaweza kuusoma ulivyoandikwa na kuurekebisha. Iliyokataa ni moduli yenu, kile kipande cha programu kinachouwezesha mfumo kuzungumza na mashine. Imefungwa, msimbo wake, yaani ile mistari iliyoandikiwa programu, hausomeki, na waliowauzia mashine wanasema dawa ni kununua mashine nyingine.

Nikaurudisha mfumo kwenye toleo la zamani, mashine ikaamka. Ikachapa lebo thelathini na nane, karatasi zikaisha, na kwenye kioo pakatokea: "Karatsi zimekwisha, tia nyingine."

"Dada, kumbe hata mashine hukosea kuandika," akasema yule mtaalamu.

"Hiyo siyo mashine," nikamwambia. "Hiyo ni mimi."

Unalijua neno hilo. Ulikuwa umekaa hapa kwenye stuli yangu nilipokuwa naandika ile mistari 1,140 ya kuiamsha mashine yangu ya kuchapa ya mtumba, mimi niliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima. Ulicheka, ukaniita Bibi Karatsi mpaka siku unaondoka. Nikaliacha makusudi. Na juu kabisa niliweka leseni: chukua, tumia, badilisha, uza ukitaka, ila ukimpa mtu programu iliyojengwa juu ya hii, mpe na msimbo wake wote, kwa masharti hayahaya.

Naamini hukukusudia kuiba. Nakujua: bosi aliuliza, nawe ukajibu haraka kwamba ile ni ya bure. Mdogo wangu, mimi sikuiandika iwe ya bure, niliiandika iwe huria. Cha bure unachukua, unakwenda zako. Changu kilikuwa na sharti moja, nanyi mmelivunja hilohilo. Tena mfumo unapoiuliza moduli yenu leseni yake, inajibu "huria" ili ifunguliwe milango yote, halafu yenyewe inajifungia ndani. Hapo ndipo paliponiuma.

Sidai hata senti. Nautaka msimbo. Nikiupata, kwa saa sita mashine ile itafanya kazi kwenye toleo jipya. Hili la zamani lina kasoro inayojulikana na kila mwizi wa taarifa, na kompyuta ile ina majina ya wagonjwa 2,316 pamoja na majibu yao. Mmojawapo ni Mama.

Kwa hiyo nenda kwa bosi wako umweleze mwenyewe, kabla ya tarehe thelathini. Ikipita, nitaiandikia kampuni mimi, na jina lako sitalitia. Najua umepandishwa cheo juzi tu. Hilo nimeliingiza kwenye hesabu, na jibu limebaki lilelile.

Ombi langu ni hili: msilisahihishe "karatsi" mkaacha mengine yalivyo. Huko kwenu ni wewe tu unayejua limetoka wapi. Likibadilika kimyakimya, sitahitaji kuuliza ni nani.

Shangazi mshonaji anakusalimu. Kaka yetu dereva anauliza kama wifi ameshauzoea mkoromo wako. Mungu akulinde, na siku hiyo ofisini akupe ulimi usiogugumiza.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Bibi Karatsi