Rambirambi Yenye Kumbukumbu Namba

(Nimeinakili hii kutoka daftari langu la zamani, la miaka ile mashirika yalipokuwa yanafungwa na sisi makarani tunarudishwa nyumbani. Sijabadilisha kitu.)

Njombe. Alhamisi, mwezi wa saba.

Leo ukungu ulikuwa mzito hata basi la Makambako likaingia stendi na taa zake zinawaka, saa tatu ya asubuhi. Sweta nililolianika Jumatatu bado linachuruzika maji. Nimetoka safari, miguu imevimba, lakini naandika sasa hivi kabla giza halijaingia. Nikiiacha hii mpaka kesho nitaanza kuipamba.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nipunguzwe kazi. Ofisi ilipofungwa walituuzia samani. Wenzangu walichukua viti na makabati, mimi nikachukua mashine yangu ya taipu, ile ile niliyoipiga miaka kumi na moja. Nikaiweka mezani sebuleni, nikabandika karatasi dirishani: MPIGA CHAPA. Dirisha lenyewe linatazama miti ya miwati ya jirani.

Miwati haina barua za kuchapisha.

Majirani wanajua niko nyumbani tu. Wakisikia mashine inalia wanasema Mama Neema anajiliwaza. Neema mwenyewe yuko shule ya bweni. Kuna siku inafika saa kumi jioni sijatamka neno zaidi ya kufukuza kuku.

Kazi yangu karibu yote inatoka Makambako, na inakuja kwa basi. Kuna mzee mmoja mwenye malori, Mzee Idi, ambaye pia ni katibu wa chama chao cha wasafirishaji. Anaandika kwa mkono, bahasha anapewa konda anayeitwa Chaula, na mimi naipokea stendi. Nachapa, nafunga, narudisha kwa Chaula. Miaka miwili tumekwenda hivyo bila kuonana. Lakini nilijisifu kwamba Mzee Idi namjua. Akiwaandikia watu wa spea, kalamu yake inatoboa karatasi. Akiandika muhtasari wa kikao, naona kabisa alipoanza kusinzia.

Nyuma ya bahasha, mara moja moja, kulikuwa na mwandiko mwingine, wa mviringo na wa taratibu. "Pole na baridi ya huko." Siku nyingine: "Mvua vipi Njombe?" Nilidhani ana karani. Sikujibu hata mara moja. Ofisini tulifundishwa kwamba mpiga chapa haongezi neno lake, anachapa alicholetewa.

Mwezi wa nne ikaja bahasha ya haraka. Ndani mlikuwa na tangazo la khitma ya arobaini ya mke wa Mzee Idi. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu ndipo vidole vikasimama. Mama wa watu amefariki mwezi mzima uliopita, na mimi, ninayejua mpaka lori lipi limekufa klachi, sikuwa na habari.

Enzi za ofisi isingekuwa hivyo. Karatasi ingebandikwa ubaoni, mhudumu angepita na bahasha ya mchango, mchana Landrova ingejaa, na sisi wanawake tungeingia moja kwa moja uani kumenya vitunguu. Ndivyo watu walivyotujua. Nusu ya watu niliokuwa nawaandikia wilaya nzima nilikutana nao misibani, na tukishamenya vitunguu pamoja barua zao hazikunipa tabu tena.

Sasa nilikuwa peke yangu, na nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Nilichapa barua. Juu niliweka kumbukumbu namba. Kichwa cha habari kwa herufi kubwa na mstari chini yake: YAH: RAMBIRAMBI. "Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya msiba uliowapata." Tumepokea, mimi na nani? Chini badala ya jina langu nikaweka "Mpiga Chapa, Njombe". Nakala ya kaboni nikaitia kwenye faili. Sikukosea hata herufi moja, na Mungu anisamehe, nilijivunia hilo.

Tangu hapo, kimya.

Kila siku ya basi nilikwenda stendi nimejifunga kanga kichwani, na Chaula akatikisa kichwa tangu mlangoni. Mwanzo nilisema wako msibani. Baadaye nikasema labda mashine yangu imeanza kufifia wino. Wiki kumi zikapita.

Jana Chaula akateremka kabisa, akanisalimu kwa lugha ya huku.

"Kamwene, mama. Wenye malori wanafungua ofisi pale stendi Makambako. Wanataka mtu wa kuwaandikia kila kitu. Kuna kijana wa kompyuta keshaanza kupitapita."

Nikamuuliza, na mimi je?

"Wanasema huyo wa Njombe hawamjui. Nenda ukaonekane, mama."

Hawanijui. Kazi hiyo ikienda kwa mwingine, basi mashine hii ni pambo la sebuleni na mimi ni mwanamke wa kufukuza kuku. Nikarudi nyumbani. Usingizi haukuja haraka.

Leo nikapanda basi na mfuko wa viazi na njegere mbichi. Kuulizia nyumba haikuwa kazi, Makambako nzima inamjua. Nilimtarajia pande la mtu. Akatoka mzee mfupi, kanzu inampwaya, amekonda kama mtu aliyetoka hospitali. Dada yake, Bi Zuhura, alinitandikia mkeka. Nikawapa pole, kisha nikajitambulisha kwamba mimi ndiye ninayewachapia barua.

"Wa ofisi ile ya Njombe?" Mzee Idi akauliza.

Akaingia ndani akarudi na faili la leseni za malori. Barua yangu ilikuwa humo, imetobolewa vizuri na kutiwa uzi.

"Barua yenu niliipata. Nzuri sana. Nikawaambia hapa nyumbani, watu wa Njombe watakuja. Siku ya khitma tukawawekea sinia lenu pembeni. Hamkuja." Hakusema kwa hasira. "Nikasema, ofisi nzima, hata mtu mmoja?"

Nilitamani mkeka unimeze.

"Ofisi ni mimi peke yangu, baba."

"Peke yako?"

"Ndiyo, baba. Nachapia nyumbani."

Akaitazama ile barua tena, akaitazama mikono yangu. Bi Zuhura ndiye aliyeshtuka.

"Kumbe marehemu alisema kweli! Yeye ndiye aliyekuwa anafunga bahasha na kuzipeleka stendi. Akasema huyu wa Njombe ni mwanamke, na yuko peke yake na baridi. Tukamwuliza umejuaje, akasema karatasi zake anazifunga kwa uzi wa kufumia sweta, na kila mara ni rangi moja. Yaani anafuma sweta moja tu, la kwake."

Nikalia. Nililia mbele ya watu niliowakuta leo, tena kwa sauti, na Bi Zuhura akanishika bega akidhani ninalilia msiba. Nilikuwa ninalilia msiba.

Kwa hiyo hawakuninunia tu. Aliyekuwa anatuunganisha ndiye aliyekufa, na baada yake, ukiacha lile tangazo la khitma, hakuna aliyekumbuka kupeleka bahasha kwa konda. Mzee amekuwa akiandika kwa mkono tu na kupeleka hivyo hivyo.

Nilimenya vitunguu. Walikataa, mimi ni mgeni, lakini nilimenya. Tulipomaliza kula ndipo Mzee Idi akaligusa suala la ofisi. Jumamosi wenye malori wanakutana. "Njoo ukae, wakuone. Siwezi kukuahidi, mama. Yule wa kompyuta wanamwona kila siku." Nikamwambia nitakuja. Hakunipa kazi, wala sikuomba.

Jumamosi nitapanda basi la kwanza. Mashine nitaiacha nyumbani. Nitawaambia jina langu lote, na kwamba ofisi ni mimi, na wakiniuliza mwanamke wa mezani sebuleni ataweza nini nitawajibu kwa mdomo wangu.

Nimerudi nimefungua boksi la bahasha kuukuu, zile ninazozitunza nipate kuandikia upande wa pili. Nimezigeuza moja moja. Zenye mwandiko wa mviringo ni saba. Mara saba marehemu aliniuliza hali, katika miaka ambayo hakuna mwingine aliyeniuliza, nami nikaweka bahasha kando nikaendelea na kazi.

Ile ya mwisho iko mbele yangu. Mashine nimeifunika. Nimeshika kalamu, na mwandiko wangu umekuwa mbaya kwa kutotumika, lakini nimejibu chini ya maneno yake: "Baridi ni kali, mama. Sijambo. Wewe je?"

Sasa nimekaa nayo mkononi. Bahasha hii hakuna konda wa kumpa.