Ndege ya Mardochée

Birimba, Rumonge
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mpendwa dada Nour,

Assalaam aleikum, na amahoro ya huku kwetu. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Salamu zako tulizipata kwa Benedicte, pamoja na vitenge, na mke wangu Mwanvua amekwisha kushona kimoja. Sisi watu wa nyumba hii tuko wazima. Ziwa limepanda tena, limekula ile njia ya nyuma ya soko la samaki, lakini kwetu halijafika.

Nimekupigia simu mara nyingi bila kukupata, na haya si mambo ya kuachia ujumbe. Ndiyo maana naandika. Keti kwanza.

Unamkumbuka Mama Marcelina, jirani yako wa huko Ulyankulu, Tabora, kabla hawajarudi Burundi, ambaye mume wake mlimzika huko huko. Mwanawe Mardochée alitajirika huku kwa mafuta ya mawese, na mwaka huu akanunua ndege. Usicheke. Ndege ndogo ya zamani, ya watu wanne, propela moja puani, iliyolala ng'ambo huko Kongo miaka na miaka. Rubani Mkongomani anayeitwa Kabwe aliileta, akaitua kwenye uwanja wa majani ambao Mardochée aliusafisha katikati ya michikichi yake, kuelekea Nyanza-Lac.

Wakaniita mimi. Kazi yangu unaijua, ni viti vya mabasi na taksi, ndege sijawahi kuigusa. Mardochée alitaka ndani yote iwe mpya: viti, tapi ya kutandika sakafuni, kitambaa cha dari, ngozi za milango.

"Mzee Ismaili," akaniambia, "nataka mama yangu akiingia humu asahau kwamba aliwahi kupanda lori la wakimbizi."

Nilifurahi, kusema kweli. Mama Marcelina mwenyewe alikuja kuchagua rangi. Alipanda polepole na mwavuli wake, akaketi kwenye fremu tupu ya kiti, akawa anapapasa ngozi nilizomletea kama mtu anayenunua kitenge. Akachukua ile nyekundu, ya rangi ya mawese. Akaniambia safari anayoitaka ni moja tu, kwenda Tabora akalione kaburi la mume wake, maana kukaa ndani ya basi siku mbili miguu yake haiwezi tena.

Lakini ile ndege ilikuwa na harufu, dada. Si ya mafuta, si ya panya. Ilinuka kama pale wanapoanika samaki wa ndagala wakanyeshewa. Nilipobandua ngozi ya mlango nikakuta matope makavu, na ndani ya matope konokono wadogo wa ziwani. Upande wa pili, hivyo hivyo. Nikaondoa tapi ya zamani. Bati la sakafu, pale viti vya mbele vinapofungwa, lilikuwa limeoza na kufanya unga mweupe. Nikalibonyeza kwa bisibisi, bisibisi ikazama.

Nikamwita Kabwe. Aliangalia, akaenda kukaa chini kwenye majani.

"Ilikunywa maji," akasema. "Ilianguka mu ziwa, karibu na kwetu. Waliivuta na kamba. Miye sikukuwa ndani, nilisikia tu. Mutu mumoja alibakia mu maji."

"Mardochée anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana anataka tapi mupya."

Siku hiyo hiyo nilimfuata Mardochée, nikamwomba lile bati likatwe, fundi wa ndege aitwe, ndipo nifunike. Mwanzoni alicheka. "Weye shona, Mzee. Chini ya tapi nani ataona?" Nilipokataa kuweka tapi, kicheko kikamkauka. Akasema tangu arudi kutoka Tanzania bila kiatu kuna watu humu wanangoja kumwona anaanguka, na hakujua kwamba na mimi niko kati yao. Viti nilikuwa nimekwisha kuvishona. Tapi waliiweka watu wengine, na ikapendeza.

Kabwe aliirusha, akarudi salama, akairusha tena. Mardochée kila akinipita sokoni ananiuliza kwa sauti, "Tumekufa?" na watu wanacheka. Halafu Kabwe akapanda boti akarudi kwao bila kuaga mtu. Mardochée akasema si neno, amekwisha kujifunza kwake, ataiendesha mwenyewe.

Hapo nilimwendea mama yake. Nilimweleza yote, matope, bati, yule mtu aliyebakia. Alinisikiliza huku anachambua maharagwe.

"Nimekusikia, Ismaili," akasema. "Huyu nilivuka naye mto Malagarasi nikiwa nimembeba mgongoni. Leo anataka kunibeba yeye. Nimwambie nini?"

Kisha akaniomba nimfundishe kufungua mkanda wa kiti. Tulikwenda, akaketi kiti cha nyuma, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, mpaka akaweza kwa mkono mmoja huku amefumba macho. Mardochée alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Nikamwambia, njoo na wewe ujaribu. Akasema yeye si mtoto.

Walipaa Jumanne asubuhi. Nilikuwa kazini, nikasikia mlio unapita juu ya ziwa, sawasawa kabisa, kisha ukakohoa, kisha sikusikia kitu. Niliacha mkasi mezani nikakimbia ufukweni bila viatu. Wavuvi waliokuwa wanarudi walisema ilishuka taratibu kama ndege anayetaka kunywa, ikagonga maji, ikazama kwa pua.

Mama Marcelina walimkuta nje, ameshika ubawa. Mkanda aliufungua mwenyewe. Mardochée kiti chake kiling'oka na bati lake, kikambana kwenye usukani. Walimtoa kesho yake, na Ijumaa tukamzika. Viti viwili vimeokotwa ufukweni, ngozi haikuachia hata mshono mmoja. Wameniletea. Mwanvua ameniuliza tuvifanyie nini, nikavifunika turubai.

Mama hajalia bado, na hilo ndilo linalotutisha. Jana nilikwenda kukaa naye. Alinishika mkono, akauliza, "Na yeye ulimfundisha mkanda?"

"Alikataa, mama."

"Ungemulazimisha."

Tukakaa. Watu wakaja, wakaondoka. Baadaye sana ndipo akasema nikuandikie wewe, kwa kuwa uko karibu na kaburi na yeye hatalifikia tena. Anakuomba uende. Uende asubuhi, ung'oe majani kama kwenye kaburi la mtu wako, kisha umwambie mume wake kwa mdomo, na kwa Kirundi, maana Kiswahili hakukizoea, kwamba mtoto wao amekufa, na kwamba amekufa akiwa njiani kumpeleka mama yake kaburini kwake. Nilikuwa nainuka kuondoka aliponiita tena.

"Ile habari ya bati," akasema, "Nour asimwambie."

Fanya hivyo, dada. Barua hii anakuja nayo Benedicte, anaondoka kesho na basi la kupitia Manyovu. Ukishakwenda, mpe neno la kurudi nalo, hata fupi, mama atalingoja.

Nisalimie shemeji, nisalimie Hadji na Fatuma na wanao wote. Mwanvua anakukumbatia. Mungu aulinde mlango wako, habari za namna hii zisiujue.

Mdogo wako anayekutaja kila swala,
Ismaili