Balbu Inayokula Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Nimepiga marufuku neno "kula" darasani. Daftari zote za fizikia zinasema balbu inakula umeme. Haili! Mkondo unaoingia kwenye balbu ndio huo huo unaotoka, haupungui hata chembe. Unachotoa njiani ni nishati — mwanga na joto. Chaji zenyewe, zile chembe zinazobeba umeme, zinarudi kwenye betri kubeba mzigo mwingine. Nimeeleza mpaka koo likakauka. Wameitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti nzuri sana.

Nimefika nyumbani, mume wangu ananiambia nichomoe pasi, inakula umeme.

Jumatano, 6 Machi
Mkaguzi anakuja kesho. Mwalimu mkuu ameniita kunikumbusha nisichokuwa nimesahau: ripoti ya huyo bwana ndiyo itakayoamua kama nitathibitishwa kazini au nitafungasha virago. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Alikuwa nao wa kututosha wote wawili.

Amita ya maabara, ya kupimia mkondo, imekufa, mshale hausogei. Basi tutatumia macho. Balbu mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, zitawaka sawasawa, ubishi kwisha. Tatizo — balbu nzima iko moja tu. Ya pili nimeichomoa kwenye tochi ya mume wangu. Hajui.

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu.

Kabla ya kuwasha niliwauliza ipi itang'aa zaidi. Darasa karibu zima: ya kwanza, iliyo karibu na betri, maana imetangulia mezani. Aliyekataa ni msichana mmoja, yule tunayemwita Wakili kwa ubishi wake. Alisema zitalingana. Nikamtazama kwa upendo. Nikabonyeza swichi.

Ya kwanza ikang'aa. Ya pili ikawa nyekundu tu, kama jicho la mgonjwa. Darasa likapiga makofi.

Kosa nililijua palepale: balbu si mapacha. Ile ya shule, niliyoitanguliza, ina ukinzani mkubwa, ingeng'aa popote ambapo ningeiweka, hata ikiwa ya pili. Kuzibadilisha nafasi ni kazi ya nusu dakika, na Wakili alishanyoosha mkono kuomba hilo hilo. Lakini Mkaguzi alikuwa amesimama, anapiga makofi na yeye! Alisema ndiyo maana kwake taa ya sebuleni inawaka vizuri kuliko ya chooni.

Nikasema muda umekwisha. Nimeona aibu siku nzima.

Jumatatu, 11 Machi
Nimethibitishwa! Ripoti inasema "somo lenye mifano hai." Mume wangu amefurahi mno, kisha akauliza nani kaua tochi yake.

Alhamisi, 14 Machi
Leo wamefanya jaribio la kuandika. Tangu nianze kufundisha sijawahi kuona darasa zima likikubaliana: balbu ya kwanza hula kwanza. Hata Wakili! Nilimwita pembeni, nikamuuliza kama kweli anaamini hivyo.

"Nimeandika ulichotuonyesha, mwalimu," akasema. "Ninachoamini nimebaki nacho."

Hakuwa na jeuri hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nimempa alama zote. Nimewapa wote. Ningewanyima kwa uso gani?

Jumatano, 20 Machi
Naandika haraka haraka, nimejificha stoo ya maabara. Nimewaambia nafuata waya.

Mkaguzi amerudi, na safari hii ameleta walimu wa fizikia wa shule za jirani. Anataka nirudie "somo la balbu," lile lile, bila kubadilisha kitu. Ameshawasimulia habari za taa ya chooni kwake. Wanaandika! Wenye shahada zao, wanaandika. Kesho wataenda kuwafundisha watoto wa watu.

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyenichagulia msaidizi, akaona yule msichana wa mbele ana uso wa akili. Wakili.

Nachungulia mlangoni. Betri iko tayari. Wakili ameshika balbu mbili, moja kila mkono. Sasa ananiita, kwa adabu, na chumba kizima kinasikia.

"Mwalimu, leo nitangulize ipi?"

Mkaguzi anamjibu kwa niaba yangu: ile ile ya siku ile. Wakili hajasogea. Anatazama mlango wa stoo.