Gari la Kukuweza Wewe

Mdogo wangu Kifaranga,

Unaendeleaje huko? Nyonga inasemaje, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Usinijibu sijambo kwa mazoea, nijibu ukweli. Sisi huku wazima, tunakula, tunagombana, tunacheka. Anayeandika ni mjukuu wangu, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Nimemwambia asinipambie maneno. Akipamba nitamjua akinisomea.

Haya, kaa vizuri. Tumenunua gari! Si jipya, limeshatumiwa na watu, lakini ni gari hasa: kubwa, la juu, linameza familia nzima na mizigo yake. Kile kigari cha mwanangu tulikuwa tunajikunja humo mpaka magoti yanagusa kidevu.

Unakumbuka ulipoanguka jikoni kwako, nikakuomba uje ukae nami? Ukanijibu kwamba gari la kukuweza wewe na hiyo nyonga halijatengenezwa, niache uzeekee hapohapo peke yako. Maneno yale yalinikaa kooni, na bado hayajashuka. Lakini ngoja kwanza nikupe habari za gari.

La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa hadi unajiona meno. Mwanangu alilipenda hata hajalizunguka. Nikajaribu kupanda, mguu wangu wa kulia ukakataa kupinda, nikaning'inia mlangoni kama nguo kwenye kamba. Nikasema hili hapana. Muuzaji akadai kwamba bibi atazoea. Nikamwambia azoee yeye.

La pili jekundu, linanukia marashi, na nisikufiche, mimi mwenyewe nililisifia sana. Hapo fundi wetu, tunamwita Taratibu kwa sababu hakimbii hata mvua ikimkuta njiani, akainua zulia chini ya siti, akaingiza vidole, akatoa tope kavu. Akasema gari hili liliwahi kuzama kwenye maji, marashi yanaficha uvundo, na nyaya zake zitatutesa. Mimi msifiaji nikageuka kutazama ndege.

La tatu sasa! Baya la sura, rangi ya chai iliyopoa. Mwenyewe ni mkunga mstaafu, kalitunza kama mtoto wake. Fundi alimwomba asiliwashe kabla hatujafika, injini tuikute baridi. Likawaka mara moja, moshi hakuna. Akalala chini kutazama kama linavuja, akaenda kulijaribu kwenye makorongo, akarudi anatabasamu, na yule mtu hatabasamu ovyo. Mwanangu akaanza kunung'unikia rangi. Mkwe wangu akamwambia kwamba hata yeye alipokubali kuolewa naye hakuangalia sura. Tulicheka mpaka mkunga akajishika mbavu.

Nikapanda. Mguu ukakataa tena. Moyo ulinienda mbio, Kifaranga, maana hili ndilo nililokuwa nalitaka. Mkunga akanielekeza nigeuke, nitangulize makalio, nishike mshikio wa juu, nikishakaa ndipo nizungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Niliingia! Nikatoka, nikaingia tena, nikatoka, hadi watoto wa jirani wakasogea kutazama.

Tukalinunua, tukarudi nalo nyumbani. Tulipofika mwanangu alinishika mkono, machozi yanamlengalenga, akaniuliza mguu umeanza kuniuma lini, kwa nini nimewaficha, akasema kesho ni hospitali. Hapo nikashindwa. Nikatoka uani nikamrukiarukia kama msichana. Nikamwambia mguu wangu mzima kabisa. Ule niliopanda nao kwenye magari ulikuwa wako.

Ndiyo, wako. Unavyoukokota, unavyokunja uso kabla hujaukanyagia, yote nayajua. Niliingia nawe kila gari nione lipi litakuchukua. Mwanangu sikumwambia mapema kwa sababu angekupigia simu, nawe ungekataa hata gari halijapatikana.

Alinuna, na ni haki yake, nimemtia hofu bure. Halafu akaenda kwenye gari, akairudisha siti ya mbele nyuma mpaka mwisho, akaniuliza kama mama mdogo hupenda kukaa wima au kuegemea. Kifaranga, nililia, mimi huyu.

Jumamosi tunakuja. Usipike, usifagie, usijitie kuwa na wageni. Kitanda chako tumekiweka chumbani kwangu, karibu na dirisha, na mkwe wangu ameshakubali kukaa nyuma. Gari la kukuweza limetengenezwa, tena zamani, liko hapa nje na rangi yake ya chai. Kama hutaki kuja, niambie hutaki. Nitalia, nitarudi kwangu. Lakini nyonga usiisingizie tena, nimeshaipandisha mwenyewe.

Nisalimie kuku wako. Waambie nao nafasi yao ipo, nyuma kabisa.

Ni mimi dada yako,
nakupenda hadi nachechemea.