Ubao wa Pili wa Mlango

Ujiji,
S.L.P. 1174,
Kigoma.
18 Februari, 1997

Mpendwa kaka yangu Gharib,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo huko Maskati? Wifi yangu hajambo? Na Lulu ameshaanza shule, au bado anamng'ang'ania mama yake kanga? Tende zako zilifika siku ya pili ya Idi. Zilikuwa zimepondeka kidogo, lakini tumezila zote, ahsante.

Huku sisi tu wazima. Mama anakula kidogo na anaswali kwa kukaa, maana magoti hayamsikilizi tena. Mimi naendelea na mawese yangu sokoni, na wateja wapo, kwa sababu mji umejaa watu. Mvua zimenyesha vizuri mwaka huu.

Barua yako nimeisoma. Umeandika mara tatu kwamba hukuwepo kumzika baba na kwamba hutajisamehe. Hilo nitalijibu mwisho. Kuna mambo ambayo lazima uyajue kwanza, na ukianza kukasirika katikati, tafadhali endelea kusoma.

Niseme hali yangu kwanza. Sijalia. Baba amekufa katikati ya Ramadhani, Idi imepita, na mimi bado sijalia. Wanawake waliokuja matangani walikuwa wakinitazama, wakasubiri, wakachoka, wakaenda makwao. Nilipika, nikatandika mikeka, nikaosha masufuria ya watu. Mwili mzima umekufa ganzi. Juzi mawese ya moto yaliniruka mkononi, nikawa nayaangalia tu, mpaka Kudra akaja kunimwagia maji.

Kudra humjui. Ni mwanamke wa Kalemie, mmoja wa waliovuka ziwa kukimbia vita vya Zaire. Baba alimkuta ufukweni akamleta nyumbani. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, na bustani ya nyuma sasa ina matembele ambayo sisi tulishindwa kuyaotesha miaka yote. Anaishi katika chumba chako cha zamani.

Sasa nije kwenye mlango. Ni wewe uliyeiandikia serikali ukiomba nyumba ya babu iingizwe katika majengo ya kale yanayolindwa, ili baba mdogo Abdulmajid asiweze kuiuza. Unamjua baba mdogo, fungu lake analitaka liwe mkononi. Mnunuzi anaye tayari, mtu anayetaka kuivunja nyumba ajenge ghala la kukodisha kwa mashirika ya wakimbizi. Nyumba ikishaandikwa, hakuna wa kuivunja. Na katika barua hiyo ya serikali, ambayo ulitutumia nakala, uliusifia zaidi ule mlango, mbao zake mbili za mvule na maua aliyoyachonga babu kwa mkono wake. Hukusema kwamba upande wa ndani wa ubao wa kushoto kuna mtu aliandika jina lake kwa msumari alipokuwa darasa la pili, akachapwa mpaka majirani wakaja kumwombea. Nilidhani ungelitaja na hilo, maana nalo ni historia.

Mwezi wa Shaaban mtumbwi wa injini uliojaa watu ulipinduka karibu na ufuko wetu. Tulizika kutwa nzima. Kaburi letu sisi Waislamu, unajua, halifukiwi mpaka maiti afunikwe kwa mbao, na mbao hazikuwepo. Kila ubao uliokuwa Kigoma ulikuwa umenunuliwa kupelekwa makambini kujengea vyoo. Wengine walifunikwa kwa miti na majani ya mgomba. Jioni walibaki watoto wawili, na hata miti ilikuwa imekwisha.

Baba alirudi nyumbani, akachukua msumeno, akang'oa ubao wa kulia. Nilimwambia, "Baba, huo ndio mlango anaouandikia Gharib."

Akasema, "Gharib yuko hai."

Basi. Ubao ule ulikatwa vipande vifupi vikatosha watoto wote wawili. Mmoja wao alikuwa wa Kudra.

Bwana mkubwa wa mambo ya kale alikuja mwanzoni mwa Ramadhani. Anaitwa Polycarp, mwenyeji wa Bukoba, mtu mpole, anavua viatu hata pale asipoambiwa. Baba alimweleza yote bila kuficha. Bwana Polycarp aliukagua ubao uliobaki, akaupima, akasema, "Hata huu mmoja unatosha, mzee. Mwenzake tutamchonga kwa kumfuatisha huyu." Aliahidi kurudi baada ya Idi pamoja na mpiga picha. Jioni ile baba alifuturu kwa furaha, akairudiarudia habari hiyo hata uji ukapoa. Alisema nyumba imepona na mama hatahamishwa uzeeni.

Baada ya hapo homa ikampata. Hakukawia.

Siku ya mazishi mbao bado hazikupatikana. Hamdani, yule jirani yetu mchimba makaburi, alikwenda mpaka Mwandiga akarudi mikono mitupu. Baba mdogo akashauri maiti alale mpaka kesho, labda treni italeta mbao. Watu wakaanza kubishana pale barazani. Mama alikuwa ameshakaa eda, yuko chumbani, hatoki. Akasema kwa sauti mpaka nje wakasikia: "Nyumba ni yake na mlango ni wake. Ukateni."

Baba mdogo ndiye aliyeuleta msumeno, tena upesi, na wewe unajua kwa nini. Mimi nilishika upande mmoja wa ubao usicheze wakati wa kukata. Nilijua ninachokishika. Nilijua kwamba nyumba inaondoka pale mikononi mwangu, na sikuhisi kitu chochote, Gharib. Unga wa mbao ulinijaa miguuni nikaufagia.

Wiki iliyopita Bwana Polycarp alirudi na mpiga picha wake. Alikuta pazia. Nilimweleza. Akauliza, kwa upole kabisa, kama haiwezekani kuzifukua zile mbao za watoto na kuweka nyingine mahali pake. Nadhani aliuliza kabla hajafikiri. Kudra alikuwa chini anachambua dagaa. Hakuinua hata uso. Akasema, "Baba, ule mulango iko na mutoto yangu."

Bwana Polycarp alikunja utepe wake wa kupimia. Alikaa kidogo barazani, akasema ataandika habari za miimo na baraza, lakini nyumba isiyo na mlango wake hawezi kuiahidi ulinzi. Nilimfungia dagaa achukue. Hakufanya kosa lolote.

Kwa hiyo mambo yamekuwa hivyo. Baba mdogo amekwisha kukuandikia, au ataandika, ukubali nyumba iuzwe. Wewe ndiye mtoto wa kwanza, na neno lako ndilo linalongojwa. Sikuombi uiokoe nyumba, sijui kama inaokoleka. Naomba jambo moja tu. Mama anakaa eda mpaka mwanzo wa mwezi wa sita, na mnunuzi anataka kuanza kubomoa mwezi wa nne. Mwanamke hatolewi katika nyumba aliyofiwa na mumewe kabla ya eda kwisha. Tafadhali usitie sahihi chochote mpaka atoke. Baada ya hapo fanyeni mnavyoona. Mama nitakaa naye katika chumba cha kupanga mtaa wa Buzebazeba, na Kudra tutakwenda naye. Nimeshamwambia.

Mama anakusalimu sana. Anasema ule vizuri, kwa sababu katika picha uliyotuma umekonda. Bi Kuruthumu wa jirani anakusalimu, Hamdani pia, na baba mdogo pia anakusalimu, usicheke. Nisalimie wifi, na Lulu umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa hai.

Sasa lile nililoliacha mwisho. Walipokuwa wanaukata ubao wa kushoto, nilimwonyesha baba mdogo mahali pa kupitisha msumeno, ili usipite juu ya jina lako. Kipande kile kilitoka kizima. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo waliporudi nilimuuliza Hamdani, maana ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Aliniambia kile kipande aliona kina maandishi, akakiweka upande wa kichwa, maandishi yakiangalia chini.

Baba amelala na jina lako juu ya uso wake. Usiandike tena kwamba hukuwepo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwanvua